SOMO LA MWEZI: JE, ELIMU INAUA IMANI? TUSIKIE NA WAISLAMU



Bwana Prefe aliniomba mimi, kapita wa wanafunzi, niandike somo kwa gazeti letu la mwezi huu. Nimechagua neno moja ambalo linaleta mabishano mengi bwenini kila usiku taa zikizimwa. Kuko wanaosema: "Mtu akisoma sana anampoteza Mungu." Kuko wengine, zaidi sisi wa darasa la tano na la sita, wanaosema kwamba dini ni ya watu wasiosoma. Na juu ya ndugu zetu Waislamu, pande zote mbili zinapatana kusema kwamba wao wanashika maneno tu bila kufahamu.

Sasa mimi nataka kuonyesha kwamba hata hawa Waislamu tunaowacheka walifikiri sana juu ya imani na elimu, kabla sisi wa pwani hii ya Tanganyika hatujapata masomo. Lakini nianze kwa kuungama kosa langu.

1. KOSA LANGU

Mwaka jana, wakati wa mapumziko, tulikuwa wengi chini ya mwembe. Mwenzetu mmoja Mwislamu alikuwa akikariri sura ya Kurani kwa sauti ndogo. Mimi nikamuuliza mbele ya wote: "Ile maneno unasoma, unajua ni kusema nini?" Akanyamaza. Nikamwambia: "Kumbe wewe ni kasuku!" Watu wakacheka sana.

Alipomaliza kunyamaza, akaniuliza: "Na wewe kapita, kila asubuhi unaimba Haleluya. Ni kusema nini? Na Hosana je? Na Amina je?" Nikafungua kinywa, nikakosa jibu. Mimi niliyezaliwa katika kanisa, niliyeimba maneno hayo tangu utoto, sikuwa nimeuliza hata siku moja. Watu wakacheka tena, lakini mara hii walinicheka mimi.

Kesho yake hakuja shuleni. Siku ya pili, hakuja. Siku ya tatu nikaona kwamba mimi niliyepewa kazi ya kuchunga wanafunzi nimefukuza mmoja. Nikaenda kwao Baraka kuomba msamaha. Alinipokea babu yake, mzee anayefundisha watoto Kurani. Hakunigombeza. Alinitandikia mkeka, akasema: "Mjukuu wangu, mtu mwenye kubeba ndoo kichwani bado hajakunywa. Lakini maji iko naye. Kazi inayobaki ni kuishusha." Maneno mengi ya somo hili nilianza kuyasikia juu ya mkeka ule, na mengine nimeyatafuta vitabuni.

2. MANENO YENYEWE

Tuanze na majibu niliyokosa. Haleluya ni Kiebrania, ni kusema "Msifuni Bwana". Hosana ni ombi: "Utuokoe." Na Amina ni kusema jambo ni hakika, ni la kutegemewa.

Sasa tazameni ajabu. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Amina yetu ya kanisani na neno imani vinatoka katika shina moja. Katika shina hilo hilo tumepata pia amini, amani na amana. Kwa hiyo, kwa maana ya asili, imani si kufunga macho. Imani ni kuegemea kitu kisichoanguka, kama vile unavyompa amana mtu uliyehakikisha kwamba hataila.

Na elimu? Neno hilo nalo ni la Kiarabu. Mwalimu ni ndugu yake, na alama pia. Hesabuni vitu vyetu vya darasani: kitabu, kalamu, karatasi, daftari, darasa, hesabu, swali, jibu. Vyote vina majina ya Kiarabu. Hata mji wetu wa Baraka umebeba jina la lugha hiyo. Tunawacheka Waislamu kuwa hawana elimu, na neno lenyewe la elimu tumelikopa kwao!

3. DINI YAO INAFUNDISHA NINI

Waislamu wanafundisha kwamba mnamo mwaka 610 Muhammad alikuwa peke yake pangoni katika mlima Hira, karibu na Makka, na neno la kwanza aliloletewa na malaika lilikuwa amri: Soma. Katika aya zile zile za sura ya 96 kalamu inatajwa, na Mungu anaelezwa kuwa ndiye aliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua. Katika sura ya 20 Mtume anaagizwa aombe azidishiwe elimu. Katika sura ya 35 inaelezwa kwamba wanaomcha Mungu kweli kweli ni wale wenye kujua.

Mpango wake ni huu: sisi tunauliza kama elimu inaharibu kumcha Mungu, wao wanajibu kwamba kumcha Mungu kunatoka katika kujua. Hatuko mbali na Kitabu cha Mithali, kinachoanza na jambo hilo hilo kwa upande wa pili: kwamba kumcha Bwana ndiko mlango wa maarifa.

Wanazuoni wao wamegawa elimu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni faradhi ya kila mtu, mwanamume na mwanamke: kumjua Mungu, kujua namna ya kusali, kujua halali na haramu katika kazi yake. Fungu la pili ni faradhi ya jamii. Si lazima kila mtu awe daktari au mwenye kujua hesabu, lakini kijiji kikikosa kabisa mtu wa kazi hiyo, basi kijiji kizima kina dhambi. Fikirini vizuri maana yake. Mwanafunzi anayesoma baiolojia ili atibu watu, kwa fundisho hilo, hajatoka katika dini. Yuko ndani ya dini, anawalipia wengine deni.

Tena waliulizana kama imani ya mtu anayefuata wazazi tu ni imani ya kweli. Wengi kati ya walimu wao wa elimu ya Mungu walisema kwamba kila mtu mwenye akili apaswa kuwa na sababu fulani ya kuamini, hata kama ni ndogo. Mwenye imani ya kurithi tu, akikutana na mtu mwenye maneno matamu, ataanguka. Je, si hilo linalopata wenzetu wanaotoka kijijini na kufika mjini kusoma?

4. JUA LILIPOFUNIKWA MADINA

Sasa nisimulie habari iliyonigusa kuliko zote. Muhammad alikuwa na mtoto mdogo wa kiume, Ibrahim. Mtoto huyo alikufa Madina, karibu na mwisho wa maisha ya baba yake. Siku hiyo hiyo jua likafunikwa mchana. Watu wakasema: Tazama, hata jua linaomboleza mtoto wa Mtume!

Ingekuwa sisi, tungefanya nini? Baba mwenye huzuni, watu wako tayari kuamini, alama iko juu mbinguni. Lakini mapokeo yao yanasema kwamba aliwakataza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi havifunikwi kwa kifo cha mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ni ishara mbili za Mungu, na watu wakiziona wasali.

Mimi nilipenda sana jambo hilo, kwa sababu linatenga vitu viwili bila kuviua. Kusali kunabaki. Uongo unaondoka.

Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo siku ya tarehe 1 mwezi wa tisa 2016, wakati jua lilipofunikwa mchana katika sehemu hizi za Afrika. Mimi nakumbuka watu walivyosema kwamba ni vita inakuja, wengine kwamba mkubwa fulani atakufa. Sasa mwalimu wa jiografia ametuchorea ubaoni: mwezi unapita kati ya jua na dunia, kivuli chake kinatuangukia, basi. Je, mchoro ule umemfukuza Mungu? Mimi naona umefukuza hofu tu.

5. WENYE ELIMU WALIVYOBISHANA

Msidhani kwamba kati ya Waislamu mambo yalikuwa rahisi. Katika karne ya 9 kule Baghdad al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho kimetupatia jina la aljebra, hiyo inayotutoa jasho kila juma. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliandika kitabu cha uganga ambacho Wazungu walikisoma katika vyuo vyao vikuu kwa karne nyingi. Lakini mabishano yalikuwa makali: akili ifike wapi, na imani ianzie wapi?

Mmoja wao ni al-Ghazali (1058-1111). Alikuwa mwalimu mkubwa katika chuo cha Baghdad, mwenye wanafunzi wengi na heshima nyingi. Mwaka 1095 aliacha vyote akaondoka, kwa sababu mashaka yalimshika, na aliona kwamba anajua mengi juu ya Mungu lakini moyo wake unatafuta sifa. Baada ya miaka ya kutembea na kusali alifundisha kwamba akili haiwezi kufika penye yote. Aliwapinga wanafilosofia kwa nguvu.

Lakini sikieni vizuri: mtu huyo huyo alisema kwamba anayekataa hesabu za wataalamu juu ya kufunikwa kwa jua, akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini. Sababu yake ni hii: yule mwenye kuhakikisha hesabu zile hataziacha. Ataanza kuishuku dini. Tena aliwalaumu watu wa wakati wake kwamba wote wanakimbilia elimu ya sheria, yenye vyeo, na miji ya Waislamu inabaki bila tabibu Mwislamu hata mmoja.

Wa pili ni Ibn Rushd wa Cordoba, Uhispania (1126-1198). Alikuwa kadhi na daktari pamoja. Yeye alimjibu al-Ghazali kwamba kweli haiwezi kupigana na kweli. Kama maandiko na akili vinaonekana kugombana, basi tumefahamu vibaya upande mmoja. Mwaka 1195 alifukuzwa mjini na vitabu vyake vya filosofia vikachomwa. Ndiyo kusema, hata kwao kulikuwa wakati ambapo elimu iliogopwa. Nasi Wakristo tusijisifu, maana Galileo alihukumiwa na wakuu wa kanisa la Roma mwaka 1633 kwa kufundisha kwamba dunia inazunguka jua.

6. HUKU KWETU, KANDO YA ZIWA

Uislamu ulifika kwetu na misafara. Ng'ambo ya ziwa, Ujiji palikuwa soko kubwa la Waarabu na Waswahili tangu kabla ya 1858, mwaka ambao Wazungu wa kwanza, Burton na Speke, walifika pale. Kutoka pwani ya ng'ambo watu walivuka na mitumbwi, wakaenda mpaka Kasongo na Nyangwe. Walileta kanzu, mchele, Kiswahili na maandishi. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili.

Lakini tuseme kweli yote. Wenye kalamu wale wale waliuza watu. Mwaka 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Na wazee wetu Wabembe hawajasahau. Baadaye wakaja Wazungu wenye Biblia na elimu kubwa zaidi, na chini ya Mfalme Leopold mikono ya watu ilikatwa sababu ya mpira. Hapa nimejifunza kwamba elimu na imani ya mdomo vinaweza kukaa pamoja katika mtu asiye na huruma. Waislamu wenyewe wanasema elimu isiyotendwa ni mzigo juu ya mwenye nayo, na Yakobo katika waraka wake anatuambia sisi kwamba imani isiyo na matendo imekufa.

Vita vya 1892 mpaka 1894 vilimaliza utawala wa Waarabu. Kisha Wabelgiji wakatazama Waislamu kwa jicho la mashaka, na vyuo vyao vya Kurani vikachungwa. Shule zilikuwa mikononi mwa misioni. Kwa mapatano ya 1906 kati ya Vatikani na Serikali ya Leopold, misioni za Kikatoliki zilipewa udongo na kazi ya kufundisha. Sisi Waprotestanti hatukupewa msaada wa fedha kwa shule zetu mpaka 1948. Wazee wetu walijenga masomo kwa sadaka za wakristo na kwa msaada wa wamisionari tu. Waislamu walipata nafasi ndogo tu, shule za Serikali zisizo za dini zilipoanza mwaka 1954.

Sasa jiwekeni mahali pa mzazi Mwislamu wa miaka ile. Anataka mtoto wake ajue kusoma na kuhesabu, apate kazi ya karani. Shule iliyo karibu ni ya misioni, na humo mtoto atafundishwa katekisimu, pengine atarudi na jina jipya. Wengi walisema: Afadhali akose kazi kuliko akose dini. Watoto wakabaki chuoni na ubao wa Kurani, wakati wengine wakawa makarani na walimu. Halafu watu wakaanza kusema Waislamu hawapendi elimu! Kumbe walikuwa wamewekwa mbele ya njia mbili, na kila njia ilikuwa na hasara.

Mahali pengine wenzao waliona hatari hiyo mapema. Mombasa, Shehe Al-Amin bin Ali Mazrui alianza gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, kuwahimiza Waislamu wasome elimu ya kisasa, hata wasichana, bila kuacha dini. Na Shehe Abdullah Saleh Farsy, mwalimu wa Zanzibar, alitoa tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969 ili mtu afahamu anachosoma. Sisi wenye kukumbuka Luther, aliyewapa Wajerumani Agano Jipya kwa lugha yao mwaka 1522, tunapaswa kufahamu ukubwa wa kazi hiyo kuliko watu wote.

Katika nchi yetu Waislamu walipata umoja wao wa kitaifa mwaka 1972, na leo nao wanaongoza shule za mapatano na Serikali, kama sisi. Lakini hapa kwetu baadhi ya wazazi Waislamu wanatutumia watoto wao. Wanatuamini. Hiyo ni amana. Nami niliitupa chini ya mwembe kwa neno moja.

7. USIKU WA KIPINDUPINDU

Nimalizie na jambo la nyumbani. Wote tunajua kwamba kipindupindu hakitoki kabisa katika pwani hii, juu ya maji ya ziwa tunayoyanywa. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mdogo wangu alishikwa usiku. Alihara na kutapika paka macho yakaingia ndani. Watu wa kikundi cha maombi walikuja, wakaomba kwa machozi saa nyingi. Hakuna aliyesema tuondoke.

Jirani akasikia sauti, akaja na taa. Ni mzee huyo huyo mwalimu wa Kurani. Alimtazama mtoto, akamwambia mama yangu: "Mama, kuomba ni vizuri. Mutaomba njiani. Beba mtoto sasa." Akaomba maji yaliyochemshwa, akatia katika litre moja vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akaanza kumnywesha kidogo kidogo, huku akitusindikiza mpaka kituo cha matibabu. Mdogo wangu yuko hai. Leo yuko darasa la pili, katika shule yetu hii hii.

Nilipokaa juu ya mkeka wake mwaka jana nilimkumbusha usiku ule. Nikamuuliza juu ya nini hakuomba kwanza. Akanieleza habari ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake wazi na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mzee akaongeza: "Mimi niliomba pia. Kijiko kilikuwa mkononi."

8. TUFUNGE SOMO

Ndugu zangu, sisi na Waislamu hatuamini sawasawa. Juu ya Yesu ni nani, na juu ya msalaba, kuko tofauti kubwa, na mimi siifichi. Mimi ni wa Kristo na nitabaki wa Kristo. Lakini juu ya swali la bwenini nimepata msaada kwao. Imani inayoogopa elimu haijamwegemea Mungu bado, inaegemea ujinga. Na elimu isiyoshika kijiko usiku kwa ajili ya mtoto wa jirani bado ni maneno ya ubaoni.

Mwenzetu yule alirudi shuleni. Tunajitayarisha pamoja kwa mtihani wa Serikali. Yeye ananisaidia aljebra, mimi namsaidia Kifaransa. Kama kapita, naomba mambo mawili: neno "kasuku" lisisikike tena katika uwanja wetu, na kila mmoja wetu ajue maana ya wimbo anaouimba ibadani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BWENINI

1. Kati ya mambo unayoyaamini, lipi umelirithi tu, na lipi unaweza kulitolea sababu?

2. Elimu unayoisoma mwaka huu, ni deni gani la kijiji chenu itakayolipa?

3. Je, kuko mtu katika darasa lako anayeogopa kuja shuleni kwa sababu ya kinywa chako? Utakwenda kwao siku gani?

Mungu awabariki wote.

Ni mimi, kapita wenu, darasa la sita.